Sipungui Tena, na Kunenepa Sitaki

Wiki iliyopita mizani yangu ilisoma hivi, kuanzia Jumatatu: 68.4, 68.9, 68.1, 69.3, 69.0, 68.6, 68.5. Wastani ni 68.7. Wiki ya nyuma yake wastani ulikuwa 68.6. Mtu mwingine akiziona namba hizo atapiga miayo. Mimi ni mhasibu, namba za kuchosha ndizo zinazonilisha, na hata hivyo ilinichukua muda kukubali kwamba wiki kama hiyo, isiyo na lolote la kusimulia, ndiyo wiki iliyokwenda vizuri.

Nilianza na kilo 88. Presha ilikuwa imeanza kupanda na daktari hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ama nipunguze uzito, ama nianze vidonge, na huenda vyote viwili. Nikapunguza. Ilichukua mwaka na zaidi, na sina la ajabu la kueleza kuhusu kipindi hicho. Nilikula kidogo kuliko nilivyozoea, nikaandika nilichokula, nikatembea. Mambo hayo yameandikwa kila mahali na watu wanaojua kuyapamba kunishinda.

Ninachotaka kuandika ni kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo nilipokosa mtu wa kumuuliza. Kila niliyemfahamu aliyewahi kupunguza uzito alikuwa ama bado anapunguza, ama umeshamrudia wote. Aliyefika akatulia sikumwona.

Kupunguza uzito kuna malipo yake. Unajinyima siku sita, siku ya saba mizani inakulipa. Hata gramu 200 ni malipo. Watu nao wanakulipa: "Umependeza!", "Unatumia nini?", "Hebu nipe siri." Nguo zinalegea, mkanda unatobolewa tundu jipya. Ukifika ulikokuwa unakwenda, malipo yote hayo yanakatika kwa mkupuo, ila kazi haikatiki. Sahani ni karibu ile ile, viatu vya kutembelea ni vile vile, na mizani inakusomea namba ya jana. Wiki za mwanzo nilikuwa naipanda mizani nikitamani kuona 67.8, wakati sikuwa na haja yoyote na 67.8. Nilichotamani ni ule msisimko wa kuona imeshuka.

Wifi yangu ndiye aliyelitamka jambo lenyewe. Alikuja kututembelea, tukawa jikoni tunaosha vyombo.

"Mbona umeacha, wifi? Ulikuwa unakwenda vizuri sana."

"Sijaacha. Nimefika."

"Umefika wapi? Mbona uko vile vile kama mwezi ule niliokuja?"

"Ndiyo nataka hivyo."

Akafikiri kidogo huku akifuta sahani. "Haya, kama umefika, si sasa unakula kama zamani?"

Nikamwambia nikila kama zamani nitakuwa kama zamani. Akacheka, akasema kama mambo ndiyo hayo basi yeye bora asianze. Sikubishana naye. Kwa hesabu yake ana haki: alidhani kuna mwisho, na mimi nilikuwa namwambia hakuna.

Tatizo ni kwamba mwili wa kilo 68 si ule wa kilo 88 uliovuliwa koti. Ni mwili mdogo, na mwili mdogo unatumia nishati kidogo, uwe umelala au unapanda ngazi. Kilo 20 nilizokuwa nazibeba kutwa zilikuwa zinakula sehemu yao ya chakula. Zimeondoka, na chakula chao hakina mlaji tena. Kwa hiyo kurudi kwenye sahani ya zamani ni kuzikaribisha upya. Na kwa upande wa pili, kuendelea na sahani ya kupunguzia ni kuendelea kupungua, jambo ambalo nalo lina mwisho mbaya. Kati ya sahani hizo mbili kuna nafasi ya kukaa. Kilichonishangaza ni jinsi nafasi yenyewe ilivyo nyembamba.

Ngoja nionyeshe nilivyoipima, maana hapa ndipo kazi yangu ya kila siku iliponisaidia.

Kuna kanuni za kukadiria mwili unatumia kalori ngapi. Inayotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990: unaingiza uzito, urefu, umri na jinsia, unapata kiasi unachotumia ukiwa umepumzika, kisha unazidisha kwa kipimo cha shughuli zako. Kwenye hicho kipimo cha shughuli ndipo watu tunapojidanganya. Kila mtu anayekaa ofisini kutwa nzima akitembea mara mbili kwa wiki anajiandika kuwa ana "shughuli za wastani". Mimi nilikuwa na kitu bora kuliko kanuni, nacho ni daftari langu. Miezi miwili ya mwisho nilikuwa nakula wastani wa kalori 1,550 kwa siku, na wastani wa uzito ulikuwa unashuka gramu 250 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inakadiriwa kuwa na kalori 7,700. Robo yake ni 1,925. Gawanya kwa siku 7, unapata 275. Ina maana nilikuwa nakula kalori 275 chini ya ninazotumia. Kuacha kupungua, basi, ni kuziongeza hizo 275 na kufika 1,825. Hesabu nzima inaenea nyuma ya risiti.

Hiyo 7,700 ina historia yake. Inatokana na hesabu aliyoichapisha daktari wa Marekani, Max Wishnofsky, mwaka 1958, kwamba paundi moja ya uzito ni kalori 3,500. Ukiitumia kutabiri mbali inakudanganya, kwa sababu mwili unavyopungua ndivyo unavyopunguza matumizi. Ile ahadi ya "punguza kalori 500 kila siku, utapoteza nusu kilo kila wiki" hufanya kazi mwanzoni tu, kisha mtu anaanza kujilaumu bure. Lakini kwa pengo dogo, kwa miezi miwili iliyokwisha kupita na kuandikwa, inatosha kabisa.

Na kuna jambo moja ambalo sijaona likisemwa. Najua daftari langu si sahihi. Hakuna anayeandika kila tone la mafuta. Huenda niliandika 1,550 wakati ukweli ni 1,700. Haidhuru! Kosa linalojirudia kwa kiasi kile kile halivurugi hesabu hii, mradi uendelee kuandika kwa uzembe ule ule. Namba ya 1,825 si kalori za maabara, ni kalori za daftari langu, na daftari langu ndilo ninalolitumia. Hatari inakuja pale mtu anapoanza kuandika kwa uangalifu mpya baada ya kufika, au anapolegeza zaidi. Ninashuku wengi huanza kuteleza hapo bila kujua: chakula kilichoandikwa hakikubadilika, ila mkono unaoandika ulichoka.

Sasa kalori 275 ni nini kwenye sahani? Mayai mawili na kipande cha mkate kilichopakwa siagi kidogo. Basi. Baada ya mwaka na zaidi wa kujinyima, hiyo ndiyo zawadi yote. Nilizitazama zile namba, nikazipiga tena kwenye kikokotoo, zikatoka zile zile. Watu wanadhani kuingia kwenye kipindi hiki ni kama kufungua lango. Kwa kweli ni kuongezewa kifungua kinywa, na hata hicho kisiwe kikubwa.

Pamoja na udogo wake, niliogopa kukiongeza. Sikutarajia hilo. Kujinyima nilikuwa nimekuzoea, kunanipa hata kiburi fulani. Kuongeza chakula kwa makusudi, huku ukijua kilichokufikisha kilo 88 ni chakula, kunataka moyo wa aina nyingine. Wapo wanaoshauri uongeze kalori 50, usubiri wiki mbili, uongeze nyingine 50, wakidai kwamba hivyo ndivyo mwili unavyofundishwa upya. Sikushawishika. Mtu akiongeza kwa mwendo huo anakaa kwenye upungufu miezi mingine kadhaa, yaani anaendelea kupunguza uzito kwa jina jingine. Niliongeza kwa hatua mbili, 150 kwanza kisha 125, na sababu ya kugawa ilikuwa woga wangu, haikuwa elimu ya mwili.

Wiki ya kwanza mizani ilitoka 68.1 ikaenda 69.4.

Hapa nawaomba mnaokaribia kufika mnisikilize, kwa sababu namba hiyo inawarudisha watu kwenye njaa au inawakatisha tamaa kabisa. Ukiongeza chakula, hasa wanga, mwili unajaza upya akiba yake ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa, kwenye misuli na ini. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu kama 3 za maji. Ukirudisha gramu 300 za glaikojeni, zinakuja na maji gramu 900, na hapo tayari una kilo 1.2 ambayo haina hata punje ya mafuta. Weka na chumvi, weka na chakula kingi zaidi kilichomo tumboni. Fanya hesabu kwa upande wa pili: ili kuongeza kilo moja ya mafuta unahitaji kalori 7,700 za ziada. Mimi nilikuwa nimeongeza 150 kwa siku, yaani 1,050 kwa wiki nzima, tena ndani ya upungufu. Hazitoshi kilo, hazitoshi hata robo kilo. Nilijua yote hayo, nimeyaandika kwa mkono wangu, na bado asubuhi ile nilivua hereni nikapima tena.

Wiki ya tatu ikatulia. Ndipo nilipoamua kwamba sina uzito mmoja tena, nina eneo.

Wazo hili si langu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Rena Wing walichapisha matokeo ya jaribio la watu 314 waliokuwa wameshapunguza wastani wa karibu asilimia 20 ya uzito wao. Hawakufundishwa kupunguza. Baadhi yao walifundishwa kukaa hapo walipo: kujipima kila siku na kuangalia wako rangi gani. Kijani, endelea. Njano, umeanza kupanda, tafuta ni nini kimebadilika. Nyekundu, rudi kwenye mbinu zako za kupunguza sasa hivi. Baada ya miezi 18, katika kundi lililoletewa barua tu, asilimia 72 walikuwa wamerudisha kilo 2.3 au zaidi. Waliokutana ana kwa ana na kufundishwa walikuwa asilimia 46. Sio muujiza. Karibu nusu walipanda hata hivyo. Lakini katika jambo ambalo wengi hurudi walikotoka, tofauti hiyo ni kubwa, na mbinu yenyewe haihitaji kununua chochote zaidi ya mizani.

Kwangu kijani ni wastani wa wiki usiozidi 69.5. Njano ni hadi 71. Juu ya 71 ni nyekundu. Kuna na mstari wa chini, 67, ambao watu huusahau. Nikishuka chini yake naongeza chakula, hata kama kuna sauti kichwani inapiga vigelegele. Natumia wastani wa wiki kwa sababu namba ya siku moja haisemi kitu. Siku chache kabla ya hedhi napanda karibu kilo nzima, kisha inaondoka yenyewe. Mlo wenye chumvi, usingizi mbovu, safari ndefu ya kukaa, vyote vinaonekana kwenye mizani ya kesho na vinatoweka keshokutwa. Kama umewahi kusumbuliwa na ugonjwa wa kula, au mizani inakuharibia siku nzima, usifuate haya ya kujipima kila siku. Suruali isiyovutika inakupa habari hizo hizo, ila kwa kuchelewa kidogo.

Njaa nayo haikuambiwa kwamba nimefika.

Nilidhani mwili ungeshukuru, ungezoea. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha utafiti ulioanza na watu 50 wenye uzito mkubwa waliokula kalori chache sana kwa wiki 10. Walipopimwa mwaka mmoja baadaye, homoni za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa mwanzo, na wenyewe walisema wana njaa kuliko kabla ya kuanza. Leptini, homoni inayotoka kwenye seli za mafuta, iligunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman mjini New York. Mafuta yakipungua leptini hushuka, na ubongo husoma kushuka huko kuwa ni upungufu wa chakula. Ghrelini, inayotoka tumboni na kuamsha njaa, iligunduliwa Japani mwaka 1999. Hiyo hupanda mtu akipungua. Yaani nilipokuwa napongezwa kwa kilo 20, ndani kuna mfumo uliokuwa umepiga king'ora, na haukuwa na mpango wa kukizima kwa sababu ya tarehe niliyoizungushia duara kwenye kalenda.

Watu wengi husema "mwili wangu umeacha kuchoma". Wanazungumzia jambo lililopo, ila wanalikuza. Kevin Hall, wakati huo mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mwaka 2016 aliripoti na wenzake kuhusu watu 14 waliokuwa wameshindana kupunguza uzito kwenye kipindi cha televisheni. Miaka 6 baadaye miili yao ilikuwa inatumia kalori karibu 500 chini ya ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Inatisha, lakini wale walipunguza kwa kasi na kwa mazoezi ambayo hakuna mtu mwenye ajira na watoto angeyaweza. Kazi nyingine ya Hall na wenzake ya mwaka huo huo inanisaidia zaidi: walikadiria kwamba kwa kila kilo inayotoka, matumizi ya mwili hushuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, wakati hamu ya kula hupanda kwa kalori kama 100. Soma tena namba hizo mbili. Anayeturudisha nyuma zaidi ni hamu. Nikaona haya kwa miaka yote niliyokuwa nailaumu "kasi ya mwili" huku mkono ukiwa kwenye sahani za watoto.

Sahani za watoto, kwa kweli, ndizo adui yangu mkubwa. Si sherehe, si keki ya ofisini. Saa mbili na nusu usiku, wanangu wameondoka mezani, kuna vijiko vitatu vya wali vimebaki, nusu ya yai, mchuzi unaomeremeta. Nimesimama, na mtu akila amesimama haandiki. Kipindi cha kupunguza nilikuwa nina ukali wa kutosha kuzimwaga au kuzifunika papo hapo. Sasa ukali umepungua kwa sababu hakuna dharura. Nilichofanya ni kubadilisha zamu: wanaosafisha meza ni wao, wana umri wa kutosha, na mimi naondoka jikoni nikishamaliza kula. Kwenye daftari langu badiliko hilo moja lilisaidia kuliko miezi ya kujikemea.

Kuandika nimepunguza. Sipimi tena mboga, matunda, wala maharage, macho yamejifunza. Navipima bado viwili, mafuta ya kupikia na karanga. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori kama 120, na ukimimina kutoka kwenye chupa huku unaongea na simu unamimina vitatu. Nafasi yangu nzima ya uhuru ni kalori 275. Vijiko viwili vya kutojali vinaimaliza karibu yote.

Kwa upande wa mazoezi, mambo yamegeuka. Wakati wa kupunguza, kutembea kulichangia kidogo sana ukilinganisha na sahani. Sasa kutembea ndiko kunakonipa pumzi. Marekani kuna rejesta ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hapo mwaka mmoja au zaidi. Ilianzishwa mwaka 1994 na huyo huyo Rena Wing akishirikiana na James Hill, na imewahi kuandikisha watu zaidi ya 10,000. Wengi wao wanafanya mazoezi wastani wa saa moja kwa siku, hasa kutembea. Wengi wanajipima walau mara moja kwa wiki, wengi wanakula asubuhi. Kama mkaguzi wa hesabu ningesema: ukiwahoji waliofaulu peke yao, huwezi kujua ni wangapi walifanya yale yale wakashindwa. Kwa hiyo sichukui orodha yao kama sheria. Nachukua tu ile saa moja, kwa kuwa inakubaliana na daftari langu. Nikitembea dakika 50 hadi 60 kwa siku, hesabu ya 1,825 inashika. Wiki za kufunga mahesabu ya mwaka, nikikaa kwenye kiti mpaka usiku, haishiki. Na wao wanasema jambo moja la kutia moyo: aliyeweza kukaa miaka 2 hadi 5, uwezekano wa kuendelea unakuwa mkubwa zaidi.

Vyuma ndivyo vilivyonipa furaha ambayo mizani iliacha kunipa. Miezi ya mwisho ya kupunguza nilikuwa nimekwama. Uzito niliokuwa nainua haukupanda hata kidogo, na mikono ilikuwa baridi muda wote. Mume wangu alikuwa akinishika usiku anaruka. Mwezi wa pili wa kula vya kutosha mikono ikapata joto, usingizi ukarudi, hedhi ikakaa sawa, na siku moja nikainua kilo 50 kutoka sakafuni, kitu ambacho sikukiweza nilipokuwa mzito na sikukiweza nilipokuwa na njaa. Hatimaye namba inayopanda ambayo naifurahia. Kocha akaniambia nisitabasamu nikiwa nimeinua, nitaumiza mgongo.

Nguo nilizipeleka kwa fundi cherehani. Suruali tatu na gauni la kazini. Aliipima ya kwanza kiunoni, akaweka pini, akauliza bila kunyanyua macho, "Mama, nikate au nikunjie ndani?" Nikamuuliza tofauti yake. Akasema akikata imekatika, akikunjia ndani inaweza kufunguliwa baadaye. "Wengi wananiambia niwakunjie," akasema, "na wengi huwa wanarudi." Hakuwa na ubaya, anaijua biashara yake. Nikafikiria pale pale dukani kwa muda kuliko inavyostahili suruali. Nikamwambia akate suruali mbili, ya tatu na gauni akunjie. Wifi aliposikia akasema hiyo si imani. Mimi naona ni tengo la tahadhari, yaani akiba inayotengwa kwa hasara inayoweza kutokea, na kila vitabu vya hesabu vizuri vinalo.

Kwa sababu nyekundu nimeshaiona. Ilikuja baada ya safari ya kikazi ya wiki mbili ikifuatiwa na mafua yaliyonilaza. Wastani ukafika 71.3. Nilifanya kama nilivyokuwa nimeandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari wakati akili imetulia: nisibadilishe chochote kwa siku nne ili maji ya safari yatoke, kisha nipime. Ikawa 70.4. Kilo karibu moja haikuwa kitu. Iliyobaki nikaishusha kwa kurudi kwenye 1,550 kwa majuma machache, bila kufuta karamu wala kumtangazia mtu. Ingekuwa zamani, ningesubiri Jumatatu, halafu mwanzo wa mwezi, halafu baada ya sikukuu, na ningekuja kushtuka nikiwa 76.

Rafiki yangu mmoja amepungua kwa sindano ya semaglutaidi, dawa inayopunguza hamu ya kula, na amekuwa akiniuliza kama anaweza kuacha sasa na kufuata haya yangu. Nilimwambia akamuulize daktari wake, sio mhasibu. Ila nilimwonyesha kwamba katika jaribio moja kubwa, matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, walioacha dawa hiyo walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Alisononeka. Mimi nilipoisoma nilipata nafuu ya ajabu, kwa kuwa inaeleza wazi kwamba njaa ile ni ya mwili, haina uhusiano na malezi wala uvivu. Mtu wa presha huwa hatukanwi kwa kuendelea na vidonge vya presha.

Presha yangu, kwa waliouliza, sasa ni 122 kwa 78. Daktari anasema hata ningebaki kilo 73 angeridhika, na hilo nimeliweka akilini. Kilo 68 niliichagua mimi, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo nilipoolewa, na hiyo si sababu ya kitabibu.

Kuanzia mwezi ujao nataka nijaribu kujipima mara tatu kwa wiki badala ya kila siku, nione kama wastani bado una maana. Kwa namba tatu utayumba zaidi, kwa hiyo itabidi mstari wa njano uanzie 70 badala ya 69.5, la sivyo nitakuwa nashtushwa na maji kila mara. Mume wangu anasema niupandishe hadi 72 tulale kwa amani. Nimekubali 70.